Nyumba za mteremkoni Singida: Maji ndiyo huangusha ukuta

MJI wa Singida umejengwa katikati ya majabali ya graniti, na sehemu ya ardhi yake huteremka kuelekea maziwa ya Singidani na Kindai. Mwenye kiwanja katika mteremko wa namna hiyo hulazimika kukata kilima ili apate mahali tambarare pa kuweka msingi, na nyuma ya nyumba hubaki ukingo wa udongo uliosimama wima.

Ukingo huo hudanganya. Mvua za Singida, ambazo kwa wastani ni milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, hunyesha katika msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki udongo huwa mkavu, hushikana na kusimama kana kwamba hauhitaji msaada. Unapolowa, mshikamano huo hupotea. Pale ambapo tabaka jembamba la kichanga limelala juu ya mwamba laini ulioinama, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu maji hushuka hadi kwenye mwamba, hukosa pa kuingia na kugeuka utelezi chini ya udongo wote.

Dawa ya kawaida ni ukuta wa kuzuia udongo, nao si ukuta wa uzio uliopewa jina jingine. Uzio wa tofali hubeba uzito wake tu. Ukuta wa kuzuia udongo husukumwa usiku na mchana. Kwa udongo mkavu wa kichanga, kila mita moja ya urefu wa ukuta wenye kimo cha mita 1 husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 300 hivi. Kimo kikifika mita 2, msukumo hufika kilo 1,200, na kwa mita 3 ni kilo 2,700. Kimo kikiongezeka maradufu, msukumo huongezeka mara nne.

Hesabu hiyo ni ya udongo mkavu. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wa mita 2, msukumo hupanda kutoka kilo 1,200 hadi zaidi ya kilo 2,600. Ndiyo maana ukuta uliostahimili kiangazi miaka mingi unaweza kulala katika usiku mmoja wa masika, ingawa saruji yake haikupungua ubora.

Kwa hiyo fedha ya kwanza itumike kutoa maji. Nyuma ya ukuta hujazwa kokoto au mawe madogo, upana wa sentimita 30 au zaidi, zikitenganishwa na udongo kwa kitambaa maalumu cha kuchuja. Chini huwekwa bomba lenye matundu, na ukutani huachwa matundu ya kutolea maji kila baada ya mita 1.5 hadi 2. Juu ya mteremko huchimbwa mfereji wa kuyapeleka pembeni maji ya mvua kabla hayajafika. Shimo la maji taka halipaswi kuwa nyuma ya ukuta, wala tangi la maji juu yake. Kosa hili ni la kustaajabisha, maana mwenye nyumba hujiletea mvua hata Agosti.

Kuhusu ukuta wenyewe, Singida ina neema ya mawe. Ukuta mzito wa mawe na saruji, wenye kitako cha upana wa nusu ya kimo au zaidi, hufaa kwa kimo cha mita moja hadi mbili. Nyavu za waya zilizojazwa mawe zina faida ya kupitisha maji zenyewe. Kimo kikizidi hapo, ni heri kukata mteremko kwa ngazi mbili zilizoachana vya kutosha, au kujenga ukuta wa zege na nondo wenye umbo la herufi L, ambao uzito wa udongo juu ya kitako huuzuia usipinduke. Ukuta huo huhitaji mhandisi aliyesajiliwa na kibali cha halmashauri. Walio karibu na maziwa wakumbuke pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Ukuta wa kiwanja una mipaka yake. Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliangukia mji wa Katesh, katika mkoa jirani wa Manyara, na watu zaidi ya 80 wakafariki dunia. Kwa janga la ukubwa huo, ukuta wa nyuma ya nyumba si kinga.

Kwa ukuta uliokwisha kujengwa, ukaguzi ufanyike wakati mvua inanyesha. Matundu yakibaki makavu ilhali udongo wa juu umelowa chapachapa, yameziba na yazibuliwe mara moja. Ukuta ukionekana kuvimba katikati au kuinama mbele, au ardhi ikipasuka nyuma yake, wanaolala upande wa chini wahame kwanza, fundi aitwe baadaye.