SUDOKU NGUMU: TUMIE AKILI AU TUOTEE?



Ubishi wa sudoku hauishi. Mtu kashika kalamu, kakwama katikati ya fumbo, halafu jamaa wa pembeni anamwambia: "Weka tu 7 hapo, ikikataa utafuta." Wengine wanaapa kwamba sudoku ngumu haiendi bila kuotea. Wengine wanasema anayeotea hajui mchezo. Leo naiweka mada mezani tuichambue taratibu, maana mimi naona pande zote mbili zinaruka kitu kimoja cha muhimu.

KWA WANAOANZA

Jedwali lina visanduku 81: mistari 9 ya kulala, safu 9 za kusimama na maboksi 9 ya 3 kwa 3. Kila mstari, kila safu na kila boksi panatakiwa namba 1 mpaka 9 bila kurudia. Hakuna kujumlisha wala kuzidisha, kwa hiyo kama hesabu ilikutesa shuleni, huku usiogope.

Wengi wanadhani mchezo huu ulizaliwa Japani. Hapana. Ulichapwa Marekani mwaka 1979 kwenye gazeti la mafumbo la Dell, na mtunzi anayetajwa ni Howard Garns, msanifu majengo wa Indiana. Mwaka 1984 kampuni ya Nikoli ya Japani ikauchukua, na jina la sudoku likatoka kwenye maneno ya Kijapani yanayosema namba lazima ziwe peke yake. Kiswahili chetu cha mtaani tungesema namba ziwe makapera! Baadaye Wayne Gould wa New Zealand, aliyekuwa jaji Hong Kong, akaandika programu ya kutunga mafumbo hayo, na Novemba 2004 gazeti la The Times la London likaanza kuyachapa. Homa ikasambaa, na mwaka 2006 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia huko Lucca, Italia.

JIBU NI MOJA

Sudoku halali ina jibu moja tu. Maana yake, namba yoyote isiyo sahihi ukiiweka, mahali fulani mbele itagongana na nyingine. Lazima. Kwa hiyo bahati haihitajiki hata kidogo. Swali ni moja tu: huo mgongano uko karibu au uko mbali?

Fumbo likiwa rahisi, mgongano uko hapo hapo, unaona kwa macho. Likiwa gumu, umejificha hatua kumi au ishirini mbele, na hapo ndipo watu wanakata tamaa na kuanza kuotea.

MBINU KABLA HUJAKATA TAMAA

Kwanza andika wagombea, yaani namba zote zinazoweza kukaa kwenye kila kisanduku, kwa maandishi madogo. Bila wagombea, sudoku ngumu utaisikia tu.

1. Mapacha. Tuseme kwenye mstari vimebaki visanduku vitatu. Cha kwanza kina 4 na 7, cha pili 4 na 7, cha tatu 4, 7 na 9. Hao wawili wa kwanza watagawana 4 na 7 wao kwa wao. Nani anachukua ipi? Hatujui. Lakini cha tatu ni 9, hakuna mjadala.

2. Mbinu ya X. Tuseme kwenye mstari wa 2, namba 6 inaweza kukaa safu ya 3 au ya 8 tu. Na kwenye mstari wa 7, vile vile, safu ya 3 au ya 8 tu. Mstari wa 2 ukichukua safu ya 3, wa 7 lazima uchukue ya 8, na kinyume chake. Vyovyote itakavyokuwa, safu hizo mbili zimeshapata 6 zao. Basi futa 6 kwenye visanduku vingine vyote vya safu ya 3 na ya 8.

3. Mbinu ya matawi mawili. Kisanduku cha shina kina 1 na 2. Kwenye mstari wake kuna kisanduku chenye 1 na 3. Kwenye safu yake kuna kingine chenye 2 na 3. Shina likiwa 1, kile cha kwenye mstari kinakuwa 3. Likiwa 2, kile cha kwenye safu kinakuwa 3. Kwa hiyo kisanduku kinachokutana na hivyo viwili hakiwezi kuwa 3. Futa.

Mmeona kitu wadau? Kwenye mbinu zote tatu kuna sehemu ambayo hatuijui, na bado tumesonga mbele. Mantiki si kujua kila kitu. Ni kuangalia uwezekano wote uliopo na kuchukua kile tu ambacho ni kweli kokote utakakopita.

Anayeotea anafanya kinyume. Anachagua njia moja, anaisahau nyingine.

KUDHANI SI KUOTEA

Hapa ndipo wanaokataa kudhani kabisa wanapokosea. Yapo mafumbo ambayo mbinu za kawaida hazitoshi. Mwaka 2012 magazeti ya Uingereza yalichapa fumbo la Arto Inkala, mwanahisabati wa Ufini, yakaliita gumu kuliko yote. Kwenye fumbo la namna hiyo lazima udhani. Lakini kuna utaratibu:

- Chagua kisanduku chenye wagombea wawili tu, mfano 3 na 8.
- Nakili jedwali kwenye karatasi nyingine. Usidhani juu ya jedwali lenyewe.
- Weka 3, fuata mpaka mwisho. Ikigongana, basi 8 imethibitika. Hiyo siyo bahati, ni ushahidi, sawasawa na ule wa jometri unaosema "tuseme si hivyo" mpaka unafika kwenye upuuzi.
- Isipogongana, usishangilie. Jaribu na 8. Kitakachotokea kwenye njia zote mbili ndicho kweli.

Mtu anayeotea mara tatu mfululizo, kila mara kati ya namba mbili, bila taarifa nyingine yoyote, ana nafasi 1 kati ya 8 ya kupatia zote. Na akikosea ya kwanza, anaweza kugundua baada ya visanduku thelathini, bila kujua kosa lilianzia wapi. Kama uko kafe unalipia kwa dakika, hapo umechoma hela.

MBONA KOMPYUTA INAJARIBU?

Kweli, programu nyingi zinajaribu namba, zikikwama zinarudi nyuma. Lakini haziotei: zinakumbuka zilipopita na haziachi njia bila kuikagua. Kwa kukagua hivyo, mwaka 2012 timu ya Gary McGuire wa Chuo Kikuu cha Dublin (UCD), Ireland, ilionyesha kuwa hakuna sudoku yenye jibu moja iliyoanza na namba 16. Chini kabisa ni 17.

Hiyo inakusaidia hata wewe. Ukikutana na fumbo lina namba 16 au pungufu, ni bovu, lina jibu zaidi ya moja au halina kabisa. Na ukiona namba mbili, mfano 4 na 7, hazimo kabisa kati ya zilizotolewa, bovu pia: kwenye jibu lolote ukizibadilishana zote, unapata jibu lingine. Muoteaji atajaza fumbo kama hilo, atafurahi, na hatajua kwamba jirani yake ana jibu tofauti na wote "wamepatia".

Ndiyo maana mimi nipo upande wa mantiki. Kupatia ni kitu kimoja, kujua kwa nini umepatia ni kingine. Kwenye sudoku unapoteza karatasi tu. Ila tabia ya "weka tu, ikikataa utafuta" haiishii kwenye karatasi, na mambo mengine hayana kifutio.

Naomba kuwasilisha. Wazee wa kuotea, uwanja ni wenu, jiteteeni.