Mambo ya Kuzingatia katika Kuandaa Tovuti ya Elimu kuhusu Wanyamapori na Wadudu

Na Mwandishi Wetu

Shule, vikundi vya uhifadhi na wananchi wanaoishi jirani na misitu wanaweza kuhifadhi maarifa kuhusu viumbe wa maeneo yao kwa njia ya tovuti. Hata hivyo, tovuti ya namna hiyo hufaa pale tu taarifa zake zinapokuwa sahihi, na huweza kuwadhuru viumbe wenyewe iwapo itaandaliwa bila tahadhari.

Utambuzi wa viumbe

Inashauriwa kila kiumbe kipewe ukurasa wake wenye jina la Kiswahili, majina ya lugha za wenyeji na jina la kisayansi. Jina la kisayansi ni la lazima kwa kuwa jina moja la Kiswahili huweza kubeba viumbe wawili: kereng'ende ni mdudu mwenye mabawa manne aonekanaye kandokando ya maji, na pia ni ndege wa jamii ya kwale. Kwa upande mwingine, mchwa na kumbikumbi hudhaniwa kuwa wadudu wawili tofauti, ilhali kumbikumbi ni mchwa waliokomaa na kuota mabawa, ambao hutoka kichuguuni msimu wa mvua kwenda kuanzisha makazi mapya. Aidha, buibui na nge, wenye miguu minane, wasiorodheshwe pamoja na wadudu, ambao wana miguu sita.

Pale utambuzi usipothibitishwa, ukurasa ueleze hivyo bayana hadi wataalamu wa vyuo vikuu au wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI) watakapoulizwa. Kurasa za nyoka zibebe onyo kwamba picha haitoshi kuamua kuwa nyoka hana sumu, na kwamba aliyeumwa awahishwe kituo cha afya.

Kuficha mahali wanapopatikana

Mjusi mdogo Lygodactylus williamsi, ambaye dume lake lina rangi ya buluu angavu, hupatikana katika Msitu wa Kimboza na misitu michache jirani mkoani Morogoro pekee. Alikamatwa kwa wingi na kuuzwa nje ya nchi kama mnyama wa kufugwa nyumbani, hadi mwaka 2017 alipoingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa CITES, kinachozuia biashara ya kimataifa ya viumbe waliotolewa porini.

Kwa viumbe wa aina hiyo, tovuti itaje mkoa au wilaya tu. Ikumbukwe kuwa picha za simu huweza kubeba ndani yake taarifa za mahali zilipopigwa. Taarifa hizo zifutwe kabla ya picha kupandishwa.

Matakwa ya kisheria

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kukamata wanyamapori bila kibali, hata kwa lengo la kuwapiga picha. Picha za watu wengine zitumike kwa idhini yao, na picha za wanafunzi zizingatie Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Waandaaji wawasiliane pia na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kufahamu iwapo maudhui yao yanahitaji leseni. Shule zinaweza kusajili anwani inayoishia na .sc.tz.

Mwisho, picha zipunguzwe ukubwa ili kurasa zifunguke kwa urahisi kwenye simu za kawaida, hususan vijijini ambako mtandao ni hafifu.