Rubani wa Kolwezi, mchapishaji wa Kasapa

Kifo cha Valentin-Yves Mudimbe, Aprili 2025 huko Marekani, kilitangazwa duniani kama kifo cha mwanafalsafa. Ndiyo, alikuwa mwanafalsafa. Lakini mwana huyo wa Likasi alikuwa pia mchapishaji wa vitabu, na miaka yake mizuri ya kazi hiyo aliipitisha Lubumbashi, kwenye kampasi ya Kasapa, ndani ya komini yetu ya Annexe. Sehemu hiyo ya maisha yake wengi wameiruka, na haikustahili kurukwa.

Annexe inauzunguka mji wa Lubumbashi, na historia ya Katanga imepita humu kwa njia mbili. Moja ni uwanja wa ndege wa Luano. Nyingine ni barabara ya Kasapa, iendayo chuo kikuu. Ya kwanza inasimuliwa kila siku. Mkae na wazee waliokuwa vijana mwaka 1961 na mazungumzo hayatakawia kufika kwenye vita vya ONU, yaani Umoja wa Mataifa, na ndege ile moja ya kivita ya Katanga, aina ya Fouga Magister.

Fouga zilishushwa Luano Februari 1961, tatu, miezi saba baada ya Moïse Tshombe kutangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960. Septemba ile ONU ilipoanza operesheni yake, iliyokuwa ikiruka na kupiga ilikuwa moja tu. Ilitosha. Askari wa ONU hawakuwa na ndege ya kivita hata moja, na huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, Waayalandi 155 chini ya Pat Quinlan walizingirwa hadi wakasalimu amri tarehe 17. Usiku huohuo ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa ONU, ikaanguka karibu na Ndola, na hadi miaka hii Umoja wa Mataifa umekuwa ukimtuma Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, kufuatilia nani alikuwa angani usiku ule.

Baada ya Fouga, Katanga ilimtafuta rubani mkubwa zaidi. Ikampata Jan Zumbach.

Huyu alikuwa Mpolandi mwenye uraia wa Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1915. Mwaka 1940, katika kikosi namba 303 cha Wapolandi waliopigana chini ya Waingereza, alizitungua ndege za Wajerumani juu ya Uingereza, na hadi mwisho wa vita alihesabiwa 12 zilizothibitishwa, bila zile alizoshirikiana na wenzake. Kwenye ubavu wa Spitfire yake alichora Donald Duck. Vita vilipokwisha aliingia kwenye magendo, na kitabu chake mwenyewe kinayasimulia hayo bila haya. Mwaka 1962 akaja Katanga kuongoza jeshi la anga la Tshombe.

Alichokikuta kilikuwa ndege za mafunzo aina ya Harvard, zenye injini ya propela, zilizofungwa rasharasha na roketi, zikifichwa Kolwezi na kwenye viwanja vidogo vya jirani. Upande wa pili, ONU ilikuwa imekwishajifunza somo la Fouga: Waswidi walileta jeti zao za Saab, zenye tumbo nene ambazo wenyewe waliziita mapipa. Mapigano yalipolipuka tena Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 28 Desemba 1962, jeti hizo ziliondoka Kamina na kuzipiga Harvard zikiwa bado ardhini pale Kolwezi-Kengere. Kwa siku chache jeshi la anga la Katanga likawa vyuma vilivyoungua. Januari 1963 kujitenga kukafikia mwisho. Zumbach akaenda zake, na mwaka 1967 akaonekana Biafra akirusha mabomu kwa jina la Brown. Alifariki mwaka 1986.

Sikatai kwamba ni maisha ya kusisimua. Ninachokataa ni kwamba mamluki aliyekaa kwetu mwaka mmoja, kwa mshahara uliotoka kwenye shaba yetu, awe na nafasi pana kuliko watu waliokaa hapa kufundisha na kuandika. Likasi yenyewe leo inajulikana ng'ambo kwa filamu ya mwaka 2016 kuhusu wale Waayalandi. Watazamaji wangapi wanajua kwamba tarehe 8 Desemba 1941, katika mji huohuo, alizaliwa Mudimbe?

Mudimbe alilelewa na Wabenedikto, akapitia monasteri yao ya Gihindamuyaga nchini Rwanda, akaacha utawa, akasoma vyuo vikuu vya Lovanium na kisha Louvain, alikopata udaktari mwaka 1970. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, na kitivo cha fasihi kikapelekwa Lubumbashi. Hivyo Kasapa, bila kutarajia, ikajikuta na karibu kizazi kizima cha waandishi wa nchi kwenye veranda za majengo yaleyale. Mudimbe akawa mkuu wa kitivo.

Wakati huohuo aliendesha Éditions du Mont Noir. Anwani ya vitabu vyake ilikuwa Kinshasa, lakini kichwa chake kilikuwa hapa. Mont Noir ilitoa mashairi yake ya kwanza, *Déchirures*, mwaka 1971, na insha zake mwaka uliofuata. Iliwachapisha pia washairi vijana kama Mukala Kadima-Nzuji. Vilikuwa vitabu vyembamba. Lakini fikirieni: miaka kumi na moja baada ya uhuru, Mkongomani anaamua mwenyewe kitabu gani cha Wakongomani kitoke, bila kusubiri mmisionari au mhariri wa Brussels akubali. Mimi naona hilo ni jambo kubwa kuliko Harvard zote za Kolwezi.

Na Kasapa nayo ilikuwa na vita vyake. Mwaka 1975 Georges Ngal, profesa wa fasihi kwenye kitivo hichohicho, alitoa riwaya *Giambatista Viko*, iliyochapishwa hapahapa Lubumbashi na Alpha-Oméga. Shujaa wake ni msomi wa Kiafrika anayetamani kuandika riwaya kubwa kwa kuiba siri za masimulizi ya wazee, huku macho yake yote yako Paris. Wazee wanamkamata na kumfungulia kesi. Kampasi nzima ikaanza kuulizana: huyu Viko ni nani? Wengi walimnyooshea Mudimbe kidole. Wasomi wawili waliokuwa wakila meza moja wakawa wanasomwa kama mahasimu, na wanafunzi wakagawanyika, kila upande na mwalimu wake. Ubishi ule ulihusu swali zito: anayeandika Kifaransa juu ya Afrika anamwandikia nani? Mji ambao miaka 12 tu nyuma ulikuwa ukikimbia mabomu sasa uligombana juu ya riwaya. Najivunia ugomvi ule.

Wakati wa sera ya Mobutu ya Authenticité majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, naye Mudimbe akajiita Vumbi Yoka, akabaki na V.Y. yake. Lakini Mobutu alipotaka kumwingiza kwenye Kamati Kuu ya MPR, chama chake, hapakuwa tena na ujanja wa majina. Mnamo 1980 aliondoka nchini. *The Invention of Africa*, kitabu kilichompa heshima duniani, kilitoka Marekani mwaka 1988. Ngal naye aliishia ughaibuni.

Mwaka 1973 vitabu viwili vilitoka Paris. Kimoja kilikuwa *Mister Brown*, kumbukumbu za Zumbach. Kingine kilikuwa *Entre les eaux*, riwaya ya kwanza ya Mudimbe, juu ya padri anayejiunga na waasi. Hata mchapishaji wetu alilazimika kuchukua njia ya rubani. Miaka 41 baadaye Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, alitoa *Tram 83*, riwaya ya mji wa migodi unaofanana sana na huu wetu. Nayo ilichapishwa Paris.

Kazi ya kuchapisha hapahapa inaweza kurudi, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinaweza kuanza na vitabu viwili: *Déchirures*, na ile *Giambatista Viko* ya mwaka 1975. Virudishwe kwa wasomaji, bei iwe ya mwanafunzi, na kwenye jalada pasomeke Lubumbashi.