Majira Manne Hayatutoshi: Historia Fupi ya Kuchuma Mimea Kwenye Gemu

  Leo tunaweka kando mambo ya seva na lugha za programu, tuongee historia kidogo. Historia ya gemu, lakini si zile za risasi na magari. Nataka tuangalie jambo dogo ambalo wachezaji wengi hulipita mbio: ile misako ya kuchuma mimea kwa kufuata majira ya mwaka. Mnaijua. Mwanakijiji ndani ya gemu anakwambia niletee uyoga, niletee matunda ya porini, niletee mizizi fulani, kabla majira hayajageuka. Ukichelewa umekosa, ungoje mwaka ujao.

Hoja yangu naiweka mapema ili asiye na muda aende zake nayo: kila gemu ya namna hii ni kalenda ya nyumbani kwa mtu fulani, iliyoandikwa kwa msimbo. Na sisi tuliozaliwa Kabuchai, chini ya Mlima Elgon, tunayo kalenda yetu, ila iko vichwani mwa wazee na si kwenye tarakilishi.

Tuanze Marekani, mwaka 1971. Vijana watatu waliokuwa wakisomea ualimu kule Minnesota, yaani Don Rawitsch, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, waliandika The Oregon Trail ili kufundishia historia. Unasafiri na mkokoteni kuelekea magharibi, na lazima ufike kabla theluji haijafunga milima. Chakula unanunua au unawinda. Kuchuma majani hakukuwamo, lakini wazo kubwa lilikuwa limeshaingia: mwezi unaweza kukuua kama risasi inavyoua.

Mwaka 1992, Sami Maaranen wa Finland alitoa UnReal World, na baadaye Erkka Lehmus akaungana naye. Gemu hii ndiyo babu wa gemu za kuokoka nyikani. Unaishi Finland ya Enzi ya Chuma. Ziwa likiganda unatembea juu yake. Matunda madogo ya msituni yanaiva majira yake, na usipokausha nyama na samaki mapema, baridi itakumaliza. Ilipofikisha miaka 30 mwaka 2022, wenyewe walikuwa bado wanaiongezea mambo. Ukiitazama vizuri utaona kwamba hawakubuni kitu cha ajabu. Wamefinland wanayo haki ya jadi ya kuingia msituni na kuchuma matunda na uyoga hata kama msitu si wao. Waliandika kile wanachokijua.

Kisha Japani, 1996. Yasuhiro Wada alikulia mashambani Miyazaki, akahamia Tokyo kikazi, akayakumbuka mashamba. Akatengeneza gemu ya shamba ambayo nje ya Japani ilijulikana kama Harvest Moon. Kwenye toleo la 1999 la PlayStation, Back to Nature, unapanda mlimani unaokota vitu vya porini: machipukizi ya mwanzi mwanzoni mwa mwaka, uyoga na zabibu za mwitu majani yakianza kupukutika. Huko Japani mboga za milimani ni chakula halisi cha watu, na tarehe 7 Januari watu hula uji wa mchele wenye mimea saba. Kwa hiyo msako ulikuwepo kabla ya gemu!

Mwaka 2013 kampuni ya Klei ya Vancouver ilitoa Don't Starve, gemu ambayo mwanzoni ilikuwa na majira mawili tu. Ikafika manne mwaka 2014 kupitia nyongeza ya Reign of Giants. Na mwaka 2016 Eric Barone, akiwa amefanya kazi peke yake kwa zaidi ya miaka minne, akatoa Stardew Valley. Hapa ndipo msako wa kuchuma ulipopangika vizuri kabisa. Mwaka una majira manne, kila moja siku 28, jumla siku 112. Kuna jumba la jamii lililochakaa, na ili lifufuke lazima ulete fungu la mimea ya porini ya kila majira. Barone ni mtu wa jimbo la Washington, na kuna siku nne za gemu ambapo vichaka vinazaa tunda fulani la rangi ya chungwa ambalo asili yake ni pwani ile ile ya Marekani. Mnaona? Nyumbani tena.

Sasa turudi kwetu. Ukijaribu kutafsiri gemu hizi kwa Kiswahili unakwama kwenye neno la kwanza kabisa, yaani majina ya majira. Shuleni tulifundishwa kwamba yale majira ya majani kupukutika ni vuli. Lakini vuli ya Mswahili ni mvua fupi! Masika ni mvua ndefu. Mkulima wa Chwele ukimwambia vuli ni wakati wa miti kunyauka na kujiandaa kwa theluji, atakushangaa. Si kosa la mtafsiri. Majira manne yenyewe ndiyo hayapo hapa.

Kabuchai kuna mvua na kuna kiangazi. Kiangazi kikali ni Desemba hadi Februari. Mvua huanza karibu na Machi, na mahindi hupandwa hapo. Sasa fikiria kama mchezaji: umepanda mahindi, ghala limebakia nusu, na mavuno yako miezi kadhaa mbele. Utakula nini? Jibu la wazee ni majani. Mchicha wa porini, saga (wengine huiita mgagani), managu, mitoo na murere huota zenyewe shambani na pembeni mwa boma, na baada ya wiki chache za mvua ziko tayari. Mahindi bado yako magotini, mboga zimeshafika mezani. Hiyo ndiyo gemu ya kuokoka, ila ilichezwa kweli, na walioshinda ndio waliotuzaa.

Ufundi wa kuunganisha vitu nao umo. Murere hupikwa na maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe au magunzi ya mahindi, yale tunayoyaita musherekha, ndiyo yanayoulainisha. Na upande wa pili wa mlima, Bagisu wa Mbale wana malewa, machipukizi ya mwanzi wa Mlima Elgon. Hukaushwa kwa moshi ili yakae muda mrefu, kisha hupikwa na karanga zilizosagwa. Mwanzi wa Harvest Moon una ndugu yake hapa hapa!

Sasa niwaeleze kilichonifanya niandike haya. Nimekuwa nikitengeneza gemu ndogo ya aina hii wakati wa mapumziko, na nilihitaji tarehe za kujaza kwenye hifadhidata. Nikamuuliza bibi yangu, "Kukhu, murere huanza tarehe ngapi?" Akacheka. Akasema, "Mjukuu wangu, murere hausomi kalenda. Mvua ikishika, nenda ukaangalie shambani."

Watengenezaji programu wenzangu, hebu lisikilizeni jibu hilo kwa sikio la kazi yetu. Stardew Valley inaendeshwa na tarehe: siku ya 1 inafika, mimea inabadilika. Kalenda ya Kukhu inaendeshwa na tukio: mvua imenyesha, ndipo mambo yanafuata. Mfano mzuri ni uyoga wa kichuguu. Mchwa wenyewe ndio wanaoufuga kuvu huo ndani ya kichuguu, na mvua zinapoanza ndipo uyoga unachomoza juu. Mvua ikichelewa wiki tatu, uyoga nao unachelewa wiki tatu. Huwezi kuuandikia tarehe. Unaandika msikilizaji wa tukio, unasubiri.

Tarehe nazo zipo, kwa mambo ya watu. Tohara ya Wabukusu hufanyika Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili. Hiyo unaiandika kwa mstari mmoja:

kama (mwaka % 2 == 0 na mwezi == 8) basi msimuWaTohara = kweli

Kwa hiyo kalenda yetu ina vyote viwili, saa ya mbingu na saa ya watu. Muundo wa majira manne ya siku 28 hauwezi kuibeba hata ukibadilisha majina.

Tatizo jingine ni majina ya mimea. Managu ni mnavu, na kila lugha ya Magharibi ina jina lake tena. Mbaya zaidi, jina hilo moja hubeba spishi kadhaa za jamii ya Solanum. Ukilitumia jina la sokoni kama ufunguo mkuu wa jedwali, data yako itaharibika siku ya kwanza. Tumia jina la kisayansi liwe ufunguo, na majina ya watu yawe kwenye jedwali lake.

Mtauliza, data hiyo itoke wapi? Kazi imeshaanzwa na wengine. Mwaka 1999 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalitoa kitabu kuhusu mimea ya asili ya chakula nchini, kilichoandikwa na Patrick Maundu na wenzake. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT ametumia miaka mingi kutafiti mboga hizi ambazo kabla ya hapo wataalamu wengi waliziita magugu, huku kabeji na sukuma wiki zikishika nafasi yake. Na mwaka 2021 UNESCO iliingiza juhudi za Kenya za kulinda vyakula vya asili, zilizoanza 2007, kwenye rejista yake ya mifano bora.

Lakini kitabu kinakwambia mmea ni upi na unapikwaje. Hakikufundishi kusubiri mvua, kwenda kuangalia, kukuta bado, kurudi tena kesho. Hilo hufundishwa na mtu akikutuma, na watoto wengi wa leo hawatumwi tena kuchuma. Gemu inaweza kukutuma. Ndiyo maana naona kazi hii ina uzito kuliko burudani.

Na uwezo tunao. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, wakati ambapo gemu ya Kikenya ilikuwa kitu cha kushangaza. Nairobi X ikafuata 2015. Tumeshaweza kuandika matukio na risasi. Mvua haiwezi kutushinda.

Ukiwa na bibi au babu aliye hai, muulize swali moja wiki hii: mvua ya kwanza ikinyesha, kitu gani hutoka kwanza, na kipi hufuata? Andika kwa mpangilio huo huo, bila tarehe. Hapo utakuwa umeshaandika nusu ya gemu.