Gandalf Angekuwa Nani Usukumani?

Jaribu kumsimulia bibi wa Kisukuma habari za Gandalf. Mzee mwenye ndevu nyeupe na fimbo, anatokea asikotarajiwa, anawasha moto bila kiberiti. Ukimwita "mchawi" umeshaiharibu hadithi kabla haijaanza, maana kwa Kiswahili chetu mchawi ni mtu wa kuloga watu usiku. Hawezi kuwa mshauri wa wafalme.

Kisukuma kinawatenganisha hawa watu. Nogi ni mlozi, anayedhuru. Nfumu ni mganga na mpiga ramli, mtu wa kuulizwa mvua imekwama wapi na mtoto anaumwa nini. Basi Gandalf ni nfumu. Saruman naye alianza nfumu akaishia nogi, na huku kwetu hilo halimshangazi mtu: dawa ni zile zile, kinachobadilika ni nia.

Kuna na wale wa uwanjani. Katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana kwa ngoma na dawa hadi wafuasi wao wakagawanyika kuwa Bagika na Bagalu. Mpaka leo, msimu wa mavuno ukiisha, pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na atakayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Watu wanaamini dawa ya kuvuta watu ina kazi yake pale. Ukitaka kuona, nenda Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho aliyoyaanzisha Padre David Clement kutoka Kanada, wakati wa sikukuu ya Bulabo mwezi Juni. Utakuta Bayeye na chatu wao shingoni.

Na yupo Ng'wanamalundi, mcheza ngoma wa enzi za Mjerumani. Inasimuliwa kwamba alinyooshea miti kidole ikakauka, na kwamba Wajerumani walimfunga wasijue wamfanye nini. Amini usiamini, jina lake bado linatajwa kila kona ya Kanda ya Ziwa.

Mwingereza alipokuja alileta sheria ya uchawi ya mwaka 1928. Kwenye tafsiri yake ya neno "uchawi" aliweka ulozi na kudai kuwa na nguvu au elimu ya siri, vyote kapu moja. Yaani kwa sheria ile hata Gandalf angeweza kupandishwa kizimbani. Kweli, sheria hiyo hiyo inakataza kumwita mwenzako mchawi. Lakini neno lilishakuwa moja, na neno moja linaua. Kwa miaka mingi Mwanza na Shinyanga vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Macho ambayo, jamani, yamewekwa wekundu na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni.

Ndiyo maana narudi kwenye hadithi ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao. Alibaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akamzaa Masala Kulangwa, mtoto mwenye akili, ambaye alipokua aliliua zimwi na kulipasua tumbo, watu wakatoka wazima. Wengi wetu tuliambiwa hadithi inaishia hapo, kwa vigelegele.

Haiishii hapo. Katika kupasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi akakasirika, akataka kumloga mkombozi wake. Sasa angalia shujaa anafanya nini. Panga lipo mkononi, bado lina damu ya zimwi, na kijiji kizima kiko upande wake. Masala Kulangwa anatafuta dawa, anamtibu bibi sikio, hasira inakwisha.

Wahenga waliotunga hadithi hii walijua kutofautisha zimwi na bibi kizee mwenye uchungu. Sisi tuliosoma, tunaojua Gandalf na Saruman kwa majina, ndio tunaowapa watoto hadithi iliyokatwa mwisho. Ukiisimulia usiku wa leo, ifikishe kwenye sikio.