Moto Ukitoka Nje, Paa Linaoza: Historia ya Ndani ya Msonge wa Kagera

Kila Desemba ni stori ile ile. Mtoto wa mjini anashuka kwenye basi Muleba, anadaka bodaboda mpaka Kimwani kwa bibi, na hata chai hajamaliza ameshaanza: "Bibi, hii nyumba imepitwa na wakati. Hapa tuweke dari ya jipsamu, hapa taili, jiko litoke nje." Bibi anacheka tu. Sio mara ya kwanza kusikia maneno hayo. Mama yake aliyasikia, na bibi yake pia.

Maana ukweli ni kwamba huko Kagera watu wamekuwa wakibadilisha ndani ya nyumba zao kwa zaidi ya miaka 100 sasa, na kila kizazi kiliona kilichotangulia kimeishi kishamba.

Zamani, kuanzia Kiziba kaskazini mpaka Kimwani kusini, nyumba yenyewe ilikuwa msonge. Kwa nje unaona nyasi tupu, kutoka kileleni mpaka chini, kama kichuguu kikubwa. Hakuna ukuta. Ukiinama ukaingia, hapo ndipo unashika adabu. Nguzo za miti zimepangwa, juu fito na matete yamefungwa duara kwa duara mpaka kileleni. Vyumba vimetengwa kwa kuta za matete: mbele pa wageni, ndani zaidi pa kulala, upande mwingine pa ng'ombe na mbuzi. Ndiyo, ng'ombe ndani. Kabla hujakunja pua, jiulize nani angemwiba akiwa humo.

Sakafu ilitandikwa nyasi laini, mgeni anakaa, anapewa kahawa ya kutafuna. Nyasi zikichakaa zinatolewa, zinaenda kwenye kibanja kurutubisha migomba, zinakuja mpya kutoka rweya, yale mapori ya nyasi yaliyo wazi nje ya vijiji. Na katikati ya yote, moto. Juu yake kichanja cha kukaushia vitu na kuivishia ndizi za pombe.

Badiliko la kwanza halikuletwa na fundi. Miaka ya mwanzo ya 1890 sotoka ilipita ukanda wote wa Maziwa Makuu ikifyeka ng'ombe. Nyumba nyingi zikabaki na upande mzima wa ndani usio na kazi. Miaka hiyo hiyo Wajerumani wakaweka boma Bukoba, 1890, na mwaka 1892 wamisionari wakafika Kashozi. Wakaja na nyumba ya pembe nne, yenye madirisha. Aliyebatizwa alitakiwa pia aachane na vile vijumba vya mizimu, kwa hiyo kona nyingine nayo ikafutwa.

Halafu ikaja hela ya kahawa. Kahawa ilipolipa, miaka ya 1920 na tena miaka ya 1950 baada ya chama kikuu cha ushirika kuanzishwa Bukoba mwaka 1950, mwanaume aliyetaka kuheshimika alinunua mabati. Bati likishang'aa juu ya migomba, nani tena anataka msonge? Jiko likahamishiwa kibanda cha nje. Meza, viti, picha ukutani, vitambaa vya kufuma kwenye makochi. Hivyo hivyo vitambaa ambavyo leo mjukuu anaviona vya kizamani!

Sasa upepo umegeuka. Msonge umerudi kuwa dili. Watu wanataka kupiga picha, watalii wanataka kuona, wenye hela wanajengesha mmoja kwenye bustani. Huko Katuruka, Maruku, wanakijiji walijenga upya nyumba ya kumbukumbu ya Mfalme Rugomora Mahe, aliyetawala karne ya 17. Safi kabisa.

Kosa linakuja pale mtu anapoukarabati ndani kama anakarabati chumba cha kupanga. Anamwaga saruji, anafunga taa, anaziba juu kwa dari nyeupe, na moto anautoa kwa sababu moshi unaumiza macho. Hapo ameua nyumba bila kujua. Ule moshi ulikuwa dawa ya paa. Unapanda, unakausha nyasi zikiloa, unafukuza wadudu, unapaka fito masizi ambayo mchwa hayapendi. Kagera mvua sio ya kubembeleza. Paa lisilopata moshi linaota ukungu na kuoza haraka, na mwenye nyumba analalamika kwamba nyasi hazidumu.

Kuezeka upya nako siku hizi ni mtihani. Rweya nyingi zimepandwa mikaratusi na misonobari, nyasi za kukata zinatafutwa mbali.

Tuwe wakweli, moto nao sio rafiki wa kuaminika. Uganda, makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, jengo la nyasi la mwaka 1882, yaliteketea usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Ujenzi ulichukua miaka, na mwaka 2023 ndipo UNESCO ikayatoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ndani walirudisha yale yale: zile pete 52 za paani, moja kwa kila ukoo wa Baganda, na pazia la nguo za magome. Kilichoongezwa ni kinga ya moto.

Kwa hiyo aliyeachiwa msonge na wazee, taa aweke, godoro zuri aweke, hata choo cha kisasa ajenge pembeni. Dari aiache. Mafiga yabaki katikati, na siku chache kila wiki mtu awashe kuni, akae hapo hapo mpaka ziishe, ndoo ya maji iwe karibu, mlango wazi. Bibi wa Kimwani angemwonyesha kuni gani hazirushi cheche, kama mjukuu angeweka simu chini akamuuliza.