Msasi au askari?

Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Katika toleo la 2014, mhusika aitwaye ranger, yaani mjuzi wa porini, alianza na ubingwa wa mandhari moja; akihama, umahiri ule unalala. Wachezaji wakanung'unika, na mwaka 2016 ikatoka rasimu ya kumsuka upya. Tumwiteje kwa Kiswahili? Ukiuliza Mugumu au Nyamongo, mkoani Mara karibu na Hifadhi ya Serengeti, utaambiwa askari wa wanyamapori. Lakini askari ana sare, mwajiri na mpaka wa hifadhi wa kuulinda. Huyu wa mchezoni husoma nyayo, huvizia, hupita mbugani na msituni bila kutumwa. Lipo neno la kale litokanalo na kusaka: msasi. Aitwe hivyo, na apewe uwezo unaolingana na jina.